Mtoto Aseme Lililomgusa: Kivumishi na Kitenzi-jina katika Somo la Kiingereza

Miongoni mwa miundo ya Kiingereza ambayo mwalimu wa shule ya msingi hukutana nayo, upo mmoja unaoonekana mwepesi mno hata wengi huupita mbio. Ni ule wa kivumishi kinachofuatwa na kitenzi chenye "to": "I am glad to see you", "She was sorry to leave", "We were surprised to find the door open". Mwalimu huuandika ubaoni, huutafsiri, watoto huitikia kwa pamoja, na kipindi huisha. Sisi ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiketi nyuma ya madarasa kuwatazama wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tumeona kwamba muundo huu wastahili vipindi vingi kuliko unavyopewa, na kwamba ugumu wake hauko pale wanachuo wanapoutafuta.

Tuanze na lugha ya mtoto mwenyewe, maana ndiyo anayoingia nayo darasani. Kiswahili hakina vivumishi vingi vya asili, na katika mambo ya moyo aghalabu hutumia kitenzi. Mtu hufurahi, husikitika, hushangaa, huogopa, huhuzunika. Pengine hutumia "ona" pamoja na jina: huona haya, huona fahari, huona uchungu. Au husema ana furaha, ana huzuni, ana hofu. Kiingereza huiweka hisia ndani ya kivumishi, na kivumishi hicho hakisimami bila "am", "is", "was" au ndugu zao. Hapo ndipo lilipo jiwe la kujikwaa. Mtoto anayefikiri "nina furaha kukuona" atasema "I have happy to see you". Anayefikiri "nimefurahi" ataisikia "-me-", atakumbuka kuwa mwalimu aliwahi kumfundisha "have" kwa "-me-", naye atabuni kitenzi kisichopata kuwapo: "I have happied". Makosa haya si ya uzembe. Mtoto amepiga hesabu sahihi, ila kwa fedha ya nchi nyingine.

Sehemu ya pili, ambayo wanachuo huihofia, ndiyo iliyo nyepesi. "Nimefurahi kukuona" ina "ku-" mahali palepale ambapo Kiingereza huweka "to". Mtoto wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa kwa nini kitenzi cha pili hakibadiliki kwa wakati wala kwa nafsi. Jambo hilo amelijua tangu alipoanza kusema. Mwanachuo asitumie basi nusu ya kipindi kuieleza "to". Muda huo autumie kuwazoesha watoto "am" na "was", na kuwasikiliza wanavyotamka. Hiyo "to" ya Kiingereza hupita haraka na kwa sauti hafifu, ilhali mtoto huikazia kama "tu" ya "watu", na "glad" naye humpa irabu ya mwisho ikawa "gladi". Sentensi hiyo mwalimu aiseme mwenyewe mara nyingi, kwa mwendo wa kawaida, kabla ya kuandika lolote.

Hata hivyo, ufanano huu wa "ku-" na "to" una mpaka wake. Katika mazungumzo ya Kiswahili mtu aweza kusema "nimefurahi wewe kuja", na hakuna atakayemshangaa. Kiingereza hakikubali "I am happy you to come". Katika muundo huu, mwenye kuhisi na mwenye kutenda hapana budi wawe mtu yule yule; wakiwa wawili, sentensi hubadilika ikawa "I am happy that you came". Kanuni hii haina haja ya kukaririwa. Mwalimu aulize maswali mawili: nani amefurahi? Nani amekuja? Jibu likiwa moja, tumia "to". Majibu yakiwa mawili, tumia "that". Tumewaona watoto wa darasa la tano wakilishika jambo hili kwa dakika chache, kwa kuwa ni swali la watu na si la sarufi.

Yafaa pia kutaja kosa moja linalochekesha, ambalo hata watu wazima hulifanya. Kwa kuwa "I am happy to meet you" ni sahihi, na kwa kuwa wamekwisha kusikia "Nice to meet you", wengine huunganisha mambo mawili wakasema "I am nice to meet you". Msemaji alitaka kusema amefurahi kukutana na mgeni. Kumbe amejisifu kuwa yeye ni mtu mwema. "Nice" hapo haimsemi mtu, yasema lile tukio la kukutana, na sentensi kamili ni "It is nice to meet you". Jamaa ya kosa hilo ni "I am surprising to see you". Kwa darasa la msingi yatosha kuwaambia watoto kwamba anayeshangaa ni "surprised", na kinachomshangaza ni "surprising", kisha mwalimu aendelee na kazi.

Sasa tuje kwenye njia ya kufundisha. Vitabu vingi vya Kiingereza vilivyotumika katika nchi zetu vilijengwa juu ya kazi ya watu kama A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda Japani mwaka 1924 kufundisha Kiingereza. Huko aliona kuwa mwanafunzi aweza kujua maneno mengi na bado asijue neno lipi hufuatwa na muundo upi. Kutokana na shida hiyo alishiriki kutunga kamusi iliyochapishwa kwanza Japani mwaka 1942, na mwaka 1954 kitabu chake cha miundo, "A Guide to Patterns and Usage in English", kikatoka. Ni kazi ya kuheshimiwa. Mmoja wa warithi wa fikra za namna hiyo ni lile jedwali lenye safu tatu au nne ambalo kila mwanachuo hufundishwa kulichora: safu ya kwanza ina watu, ya pili ina vivumishi, ya tatu ina vitenzi, ya nne ina habari. Mtoto huchukua neno moja katika kila safu, akapata sentensi iliyo sahihi.

Sahihi, naam. Siku moja tulikuwa nyuma ya darasa mwanachuo alipokuwa akifundisha kwa jedwali la aina hiyo. Safu ya pili ilikuwa na "glad", "sorry" na "surprised". Safu ya mwisho ilikuwa na habari kama "our team has won", "your father is ill" na "the rain has come". Watoto walisimama mmoja mmoja. Wa nne akasoma, kwa sauti ya kujiamini: "I am glad to hear that your father is ill." Mwanachuo akasema "Good", akamwita wa tano. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililotusumbua kuliko sentensi yenyewe. Darasa zima la watoto waungwana, ambao nyumbani hawathubutu kumcheka mgonjwa, walisikia mtu akifurahia ugonjwa wa baba wa mwenzake, wakaona si kitu, kwa sababu lilisemwa kwa Kiingereza.

Jedwali halina hatia. Latufaa kwa dakika tano za kuzoesha ulimi. Lakini muundo huu hautofautiani na miundo mingine bure: kazi yake ni kusema jinsi jambo lilivyomgusa msemaji. Ukiufundisha pasipo jambo na pasipo kuguswa, umefundisha ganda. Tukumbuke pia hali ya watoto wetu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na kwa watoto walio wengi kipindi cha Kiingereza ndicho mahali pekee wanapokutana na lugha hiyo. Wakifika sekondari watakuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto akijifunza kwa miaka kuwa Kiingereza ni lugha ya kutamka yasiyokuwapo, itamwia vigumu huko mbele kuinua mkono na kusema kwa lugha hiyo hiyo kwamba hakuelewa.

Tunashauri basi mwalimu alete darasani jambo lenyewe. Njia tuliyoiona ikifaulu kuliko zote ni ya kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Ndani yake mwalimu huweka kitu ambacho watoto hawakitazamii. Mwanachuo mmoja wa kike alimweka kinyonga kwenye kitawi chake. Alimwita mtoto wa kwanza afunue. Mtoto aliruka nyuma, na kabla kelele hazijatulia mwalimu akauliza, "Were you surprised?" Jibu lilikuwa la kweli tupu: "Yes!" Akampa sentensi nzima: "I was surprised to see a chameleon." Mtoto akaisema, na darasa likaisema baada yake, kila mmoja akiwa ameona kwa macho yake. Kisha akauliza nani atamgusa. Wengi wetu tumelelewa na hofu ya kinyonga, na mikono haikuinuka. Akawapa ya pili: "I am afraid to touch it." Mvulana mmoja akajitokeza akamgusa mgongoni kwa kidole, akarudi kwenye dawati akitabasamu, naye akapewa yake: "I am proud to be the first." Kipindi kilipokwisha kinyonga alirudishwa mtini. Mwalimu ambaye yeye mwenyewe hamwezi kinyonga asijilazimishe. Yai lililopakwa rangi au kufuli kubwa isiyo na ufunguo vyaweza kutosha.

Somo hili la kinyonga lina faida nyingine ambayo huenda mwanachuo yule hakuikusudia. Tazama sentensi mbili za kwanza. Katika "surprised to see", kuona kulitangulia, mshangao ukafuata. Kuona ndiko sababu. Katika "afraid to touch", kugusa bado hakujatokea, na huenda kusitokee kamwe kwa sababu ya hofu hiyo. Kiingereza kimezivika sentensi zote mbili vazi moja, lakini wakati wa matukio umepinduka. Kiswahili chetu husaidia hapa: "nimeshangaa kumwona" ina "-me-", kwani jambo limekwisha, "naogopa kumgusa" ina "-na-". Pamoja na "surprised" zimo "glad", "happy", "pleased", "sorry", "sad" na "disappointed". Pamoja na "afraid" zimo "ready", "eager" na "willing". Kundi la kwanza na la pili yasifundishwe siku moja kwa orodha. Yafundishwe kwa kinyonga, au kwa jambo lingine lililo na kabla na baada.

Liko na kundi la tatu, ambalo twalitaja ili mwanachuo asilichanganye na haya. Mwanaisimu wa Marekani, Noam Chomsky, katika miaka ya 1960 alizifanya mashuhuri sentensi mbili: "John is eager to please" na "John is easy to please". Kwa macho zafanana kama mapacha. Katika ya kwanza John anataka kuwapendeza watu. Katika ya pili watu ndio wanaompendeza John. Ndivyo ilivyo "This maize is hard to pound": mahindi hayatwangi, yatwangwa. Sentensi za namna hiyo hazisemi hisia za mtu hata kidogo. Zikitokea kitabuni katika zoezi moja na "glad" na "sorry", na hutokea, mwalimu azitenge azifundishe juma jingine.

Tumeacha "sorry" peke yake makusudi, kwa kuwa ndilo neno lenye mambo mengi. Kwetu mtu akijikwaa tunamwambia pole. Hatukumkwaza sisi, tunashiriki maumivu yake. Tukimkanyaga, hapo tunasema samahani. Kiingereza kina "sorry" kwa yote mawili, na Kiingereza cha Afrika Mashariki kimeifanya "sorry" ibebe mzigo wote wa "pole". Mwingereza aliyeangusha vitabu vyake, akasikia "Sorry!" kutoka kwa mtu aliye mbali, aweza kujibu "It wasn't your fault", maana yeye amesikia samahani. Hakuna aliyekosea adabu. Ni adabu mbili zilizopishana njiani.

Muundo wetu ndio unaoitatua shida hii, nasi twashangaa kwamba vitabu havisemi hivyo. Kitenzi kinachofuata "sorry to" ndicho kinachotenga pole na samahani. Kikiwa kitenzi cha kupokea habari au kuona, kama "hear", "learn" au "see", maana yake ni pole: "I am sorry to hear that your mother is ill." Kikiwa kitenzi cha jambo ambalo msemaji amemfanyia mwenziwe, maana yake ni samahani: "I am sorry to trouble you", "I am sorry to be late", "I am sorry to keep you waiting". Mara nyingine si pole wala samahani, ni masikitiko ya msemaji mwenyewe, kama katika "I was sorry to leave". Zoezi lake ni rahisi na halihitaji zana. Mwalimu husoma sentensi kwa sauti, na watoto hujibu kwa neno moja la Kiswahili: pole, samahani, au nasikitika. Tumewaona wakibishana, na ubishi wao ulikuwa juu ya maana. Mwalimu awatahadharishe tu kwamba "pole na kazi" na "pole na safari" hazina mwenzake katika Kiingereza. Anayesema "I am sorry to work" amesema kwamba kazi yamsikitisha, na huenda mwajiri akamsikia.

Linabaki jambo ambalo tulibishana nalo na mwanachuo mmoja, na hatukukubaliana mara moja. Muhula ulikuwa umefunguliwa karibuni. Aliandika ubaoni "I was happy to come back to school", akataka kila mtoto aiseme. Mvulana mmoja akasema, "I was sorry to come back to school." Sarufi yake haikuwa na dosari, na neno "sorry" hakuwa amepewa siku hiyo; alilichota mwenyewe katika akiba yake. Mwanachuo akamwambia, "No. Happy." Mtoto akasema "happy", akaketi.

Katika mazungumzo baada ya kipindi mwanachuo alijitetea kwamba mwalimu ni mlezi, na kwamba mtoto akiachiwa kusema mbele ya wenzake kuwa hapendi shule, nidhamu italegea. Hoja hii si ya kupuuza. Ziko sentensi ambazo hatungemruhusu mtoto kuzisema darasani kwa lugha yoyote. Lakini mvulana yule hakutukana mtu wala kudharau shule. Alikuwa mtoto pekee darasani humo aliyeutumia muundo kwa kazi yake. Tulimwomba mwanachuo amuulize sababu kesho yake, kisha aamue mwenyewe.

Alimuuliza, kwa Kiswahili. Mtoto alikuwa amemwacha bibi yake peke yake kijijini, na kuni hazikuwa zimetosha. Mwanachuo akampa maneno aliyoyakosa, "leave" na "alone", na mtoto akaunda: "I was sorry to leave my grandmother alone." Mwanachuo akaiandika ubaoni juu ya ile ya jana, bila kuifuta ya jana. Baada ya hapo wengine hawakusubiri kuitwa. "I was glad to find my friends." "I was surprised to see a new teacher", na huyo mwalimu mpya alikuwa yeye. Msichana mmoja akasema alifurahi kurudi shule kwa sababu nyumbani kulikuwa na kazi nyingi, akasaidiwa kupata "I was happy to rest from work." Nidhamu haikulegea. Kilichotokea ni kwamba kengele ililia kabla ya mikono kwisha.

Kwa kazi ya kuandika, tumeiona barua ikifaa kuliko kujaza mapengo. Katika darasa kubwa haikosi mtoto mgonjwa. Darasa limwandikie barua fupi ya mistari minne au mitano, mstari wa kwanza ukiwa na "sorry to hear", na mmoja wa mwisho ukiwa na "happy" au "glad": "We will be happy to see you again." Mwalimu anaposahihisha akubali "I am sorry to hear" na vilevile "I was sorry to hear", zote mbili ni njema, ya pili yaisema siku ambayo habari ilifika. "I was sorry to have heard" waachiwe walimu wa sekondari. "For to hear" ifutwe "for" tu, bila maelezo marefu. Aliyeandika "I have sorry" arudishiwe barua yake aweke "am", kwani hilo ndilo kosa litakalomfuata miaka mingi lisiposhughulikiwa sasa. Aliyeandika sentensi isiyo na kosa, lakini amemwambia mgonjwa kwamba anafurahi kusikia anaumwa, naye arudishiwe. Barua zikisha kunakiliwa upya, apatikane mtoto anayekaa jirani na mgonjwa, azipeleke siku hiyo hiyo.